Amri ya Nane na Tone la Damu

Kwetu sisi Walutheri, amri inayokataza ushahidi wa uongo ni ya nane. Niliikariri Old Moshi nikiwa mwanafunzi wa kipaimara, pamoja na maelezo yake katika Katekisimo Ndogo, na wala sikuiogopa. Iliyonitisha ilikuwa ya saba, ile ya wizi, kwa sababu mwinjilisti aliyetufundisha alikuwa na mparachichi nyuma ya nyumba na aliyahesabu maparachichi yake. Ya nane niliiona ni ya wakubwa: wambea wa kilabu cha mbege, mashahidi wanaonunuliwa kwa soda kwenye Baraza la Kata. Kisha nikasomea maabara, nikaajiriwa, na maisha yangu ya kazi nikayamaliza nikitoa ushahidi dhidi ya viumbe wasioonekana kwa macho.

Nasema ushahidi kwa kudhamiria. Daktari haoni ndani ya damu, mgonjwa mwenyewe haoni. Aliyechungulia ni wewe peke yako, na karatasi unayoiandika inakwenda kumfungulia mtu dawa au kumnyima. Unatoboa kidole, unaweka tone kwenye kioo, unalitandaza kwa kuzungusha, unaliacha likauke, unalitia rangi ya Giemsa, unasuuza. Halafu lenzi kubwa na tone la mafuta, na safari inaanza: uwanja mmoja, wa pili, wa tatu. Kimelea kichanga cha malaria ni kipete cha buluu chenye kinukta chekundu. Shida ni kwamba punje ya rangi iliyoganda nayo humjia hivyo hivyo mtu mwenye haraka, na kwenye damu iliyotandazwa nyembamba chembe sahani ikikaa juu ya chembe nyekundu humdanganya hata mzoefu aliyekesha. Kanuni ni kupita viwanja visivyopungua 100 kabla ya kuandika kwamba hukuona kitu. Na ukifika hapo huandiki kwamba mgonjwa hana malaria. Unaandika kwamba vimelea havikuonekana. Vijana waliokuja kwa mazoezi ya kazi waliuona huo ni urasimu wa wazee. Mimi niliona ndipo ilipokaa amri yangu ya nane.

Wagonjwa hawakutaka majibu ya namna hiyo. Walitaka idadi. "Nina wadudu wangapi?" Aliyekutwa na wadudu wawili alitoka ameridhika kuliko aliyeambiwa hawakuonekana, maana wa kwanza anajua anaumwa nini na nyumbani watamwelewa. Bibi mmoja wa Uru alirudi dirishani na karatasi yake. "Mwanangu, tazama tena. Homa hii naijua, ni yangu." Nikamwambia, "Bibi, nimetazama, sikuwaona." Aliniaga kwa heshima zote, akavuka barabara kwenda duka la dawa kununua dozi.

Simlaumu. Homa ikimpata mtu Moshi, mshukiwa alikuwa mmoja tu. Mji wenyewe uko takriban mita 800 juu ya usawa wa bahari, na ukipanda kwenda Kibosho au Marangu mbu wa malaria wanazidi kuadimika, lakini jina la mhalifu lilikuwa limekwisha kuandikwa kabla ya upelelezi kuanza. Mwaka 2007 na 2008 watafiti, John Crump akiwa kiongozi wao, waliwafuatilia wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa katika hospitali ya KCMC na ile ya Mawenzi, watoto kwa watu wazima. Madaktari wa wodini walidhani ni malaria kwa wagonjwa 528. Vipimo vyote vilipokamilika, ambao homa yao ilitokana na malaria kweli walikuwa 14. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2013, na mimi niliyasoma nikiwa nimesimama, kwa sababu kwa miaka mingi nilikuwa naandika "havikuonekana" na kuona watu wananikunjia uso.

Wengine walikuwa wanaumwa nini, basi? Bakteria ndani ya damu. Chikungunya. Leptospira itokayo kwenye mkojo wa panya na mifugo, ile ambayo Watanzania walikuja kuijua kwa jina la homa ya mgunda mlipuko ulipotokea Lindi mwaka 2022. Brusela, yaani ugonjwa ule ule unaomfanya ng'ombe atupe mimba. Homa ya Q. Homa za kupe. Anayeijua nyumba ya kihambani, ndani ya shamba la ukoo penye migomba, anajua kwamba ng'ombe wetu hatoki: anaishi bandani hatua chache kutoka jikoni, majani analetewa kichwani kutoka tambarare, samadi yake inakwenda migombani. Mhalifu tulikuwa tunamkamua kila asubuhi.

Kuna jambo katika utafiti ule ambalo mwandishi wa riwaya za upelelezi asingelikubali. Kuyathibitisha baadhi ya magonjwa hayo kulihitaji damu mara mbili, siku ya kulazwa na tena wiki nne hadi sita baadaye, ili kuona kama kingamwili zimepanda mara nne au zaidi. Maana yake jibu linafika wakati mgonjwa amekwisha kupona, au amekwisha kuzikwa. Upelelezi wa namna hiyo haumfai yeye tena. Unamwondolea lawama asiyehusika, na unamfaa mtu mwingine atakayelala kitanda kile kile mwaka unaofuata.

Kuisingizia malaria kunaonekana hakuna madhara; malaria haina mtoto wa kulia wala wakili wa kuitetea. Lakini kila asiyehusika akikamatwa, anayehusika anaendelea na shughuli zake. Hapo ndipo lilipoanzia swali ambalo kwangu ni la dini kabla ya kuwa la sayansi: kusema kuliko dalili ilivyosema, ni dhambi? Sizungumzii uzembe wa kazi, wala upungufu wa vifaa. Dhambi, ya kupelekwa madhabahuni. Nadhani ndiyo.

Bwenini kwetu riwaya za upelelezi zilizunguka hadi zikapoteza majalada. Wenzangu walimpenda Willy Gamba wa Elvis Musiba, kwa bastola na safari za ndege. Mimi nilibaki na Bwana Msa. Muhammed Said Abdulla alimleta katika Mzimu wa Watu wa Kale, hadithi iliyoshinda shindano la uandishi la Afrika Mashariki la 1957/58 na kuchapishwa 1960, na alichokuwa kabla ya kuwa mwandishi kinanifurahisha mno: kuanzia mwaka 1938, kwa takriban miaka kumi, alifanya kazi ya bwana afya Zanzibar, ndipo akaingia kwenye magazeti. Bwana afya ni mtu wa kuingia uani kwa watu na kuuliza maji haya yanakwenda wapi. Conan Doyle naye alikuwa daktari, na Sherlock Holmes wake alimchota kwa mwalimu wake wa Edinburgh, Joseph Bell, aliyeweza kumtazama mgonjwa akiingia mlangoni na kueleza ametoka wapi na anafanya kazi gani. Kwa hiyo sioni ajabu kwamba riwaya hizi zinanukia dawa ya kusafishia sakafu ya hospitali. Zimetoka kwetu.

Katika Mzimu wa Watu wa Kale maiti inakutwa penye mzimu. Jibu la haraka liko mkononi mwa kila mtu: mzimu umechukua chake. Bwana Msa na kiko chake anaanza kuuliza nani alikuwa wapi na nani alikuwa na deni na nani. Nikiwa kijana niliona anamtafuta muuaji. Sasa naona kwamba kabla ya hapo anafanya kazi nyingine: anautetea mzimu. Nao ulihitaji mtu wa kusema kwamba hakuna aliyeuona ukiua.

Ila riwaya ina udanganyifu wake, na sijaona mchungaji aliyeuhubiri. Ndani ya kitabu hakuna kitu kilichopo kwa bahati. Kipande cha sigara kiko pale kwa sababu mwandishi amekiweka, na amekiweka kwa ajili yako. Mwuaji anajulikana kabla ya ukurasa wa kwanza. Dunia ya Bwana Msa ina muumba aliyeahidi kwamba dalili zitatosha. Mimi naamini dunia hii nayo ina Muumba wake, lakini sijapata mahali aliponiahidi kwamba ameniwekea dalili za kutosha kufunga kila jalada. Anayesoma dunia kama riwaya ndiye anayefika ukurasa wa mwisho bila mwuaji, akaona aibu, akamteua mmoja.

Wazee wa mlimani walikuwa na namna yao ya kumaliza kesi ambayo dalili zake zimeishia njiani. Charles Dundas, afisa wa Kiingereza, aliandika habari zao katika kitabu cha mwaka 1924, na mchungaji Bruno Gutmann, aliyekaa miaka mingi Kidia, hapo hapo kwetu, akatoa kitabu kizima cha sheria za Wachagga mwaka 1926. Njia moja ilikuwa kiapo: mshtakiwa anaapa mwenyewe, na akiapa uongo basi yaliyobaki ni kati yake na Ruwa, yaani Mungu. Nyingine ni kuvunja chungu. Hii hata vijana wenye simu za kisasa wanaijua. Mwizi hajulikani, chungu kinavunjwa kwa maneno yake, na laana inamtafuta yeye na wa kwao.

Njia hizi mbili watu huzichanganya, na mimi naziona ziko mbali kama Kibo na Mawenzi. Anayeapa anajihatarisha mwenyewe. Anayevunja chungu anamhatarisha mtoto wa binamu ya mtu asiyemjua. Halafu tazama linalofuata: akifa mtu kwa ajali ya lori Singida, chungu kimefanya kazi, akiugua mwingine tumbo, chungu kimefanya kazi, asipougua mtu, chungu bado kiko njiani. Hakuna tukio linaloweza kusema kwamba hakikufanya kazi, na jambo ambalo kila tukio linalithibitisha halina ushahidi wowote. Kule Shinyanga bibi vizee waliuawa kwa dalili ya macho mekundu, macho ambayo mtu yeyote aliyepikia kuni ndani ya nyumba isiyo na dirisha angeweza kuwa nayo. Kulikuwa na dalili, tena ya kuonekana waziwazi. Ilisomwa na watu waliokwisha kupata jibu.

Nina rafiki, mwalimu wa madrasa hapa mjini, tunakutana kwenye kahawa jioni. Nilipomweleza habari za amri yangu ya nane alicheka. "Mzee wa kanisa, ninyi mna amri. Sisi tuna amri na fimbo." Akanikumbusha sheria yao: anayemtuhumu mwanamke mwenye heshima zake kwa zinaa asilete mashahidi wanne, anachapwa yeye viboko 80, na ushahidi wake haupokelewi tena. Nikamuuliza kama sheria hiyo haimlindi mkosaji. "Inamlinda," akasema. "Mungu anamjua. Wewe umjue wa nini?" Sikukubaliana naye kwa yote, maana mahakama lazima ziwepo na wezi lazima wafungwe. Lakini nilipenda kwamba kwao ulimi una gharama kwa mwenye ulimi.

Kwetu gharama hiyo ililipwa na asiyehusika, na jina lake kila mtoto wa Old Moshi analijua. Mangi Meli, mtawala wetu, mwana wa Rindi, aliwashinda Wajerumani mwaka 1892, wakamshinda mwaka uliofuata, na tarehe 2 Machi 1900 wakamnyonga pale Tsudunyi pamoja na wengine 18, wakiwemo Ngalami wa Siha na Molelia wa Kibosho. Shitaka lilikuwa njama: kwamba walipanga kulishambulia boma. Kathleen Stahl, katika historia yake ya Wachagga ya mwaka 1964, anamweka Mangi Marealle wa Marangu nyuma ya maneno yaliyomfikia Kapteni Johannes. Nikiliandika jina hilo hapa nami nasimama mbele ya amri ile ile, kwa hiyo nasema aliyeandika ni nani na nasimamia hapo. La kapteni halina utata: watu 19 walikufa kwa maneno ya kusikia.

Inasemekana kichwa cha Meli kilipelekwa Ujerumani. Kwa desturi ya zamani, kabla ya makaburi ya saruji, kichwa cha mzee kilifukuliwa baada ya miaka na kuwekwa kihambani penye masale, ndipo anatulia. Kwa hiyo mtu anayezikwa bila kichwa hajamaliza kufa. Mjukuu wake, Mzee Isaria Meli, alidai kichwa hicho kwa miaka mingi, na mwaka 2018 akatoa sampuli ya vinasaba vyake ilinganishwe na mafuvu yaliyoko Berlin. Septemba 2023 taasisi inayosimamia makumbusho ya serikali huko, ile ya Urithi wa Utamaduni wa Prussia, ilitoa majibu ya utafiti wa mafuvu 1,135 yaliyotolewa Afrika Mashariki wakati wa ukoloni. Kati yake 202 yalitoka nchi ambayo leo ni Tanzania. Fuvu moja lilikuwa limeandikwa jina la Akida. Akida alikuwa mshauri wa Meli, na vinasaba vya fuvu hilo vililingana na vya ukoo wake ulioko hapa hapa. Baada ya zaidi ya miaka 120 watu waliambiwa: huyu ni wenu.

Meli hakuwemo katika tangazo hilo.

Nimelitafakari jambo hili kuliko mahubiri mengi niliyoyasikia. Lingekuwa jambo jepesi kabisa: fuvu moja la mtu mzima wa Kilimanjaro, sanduku zuri, balozi, kwaya, na ukoo unazika. Nani angejua? Serikali mbili zingepumua, wazee wangelia machozi ya kweli, na pengine Ruwa mwenyewe angewahurumia. Maabara ikasema ilichoona na kunyamaza pale macho yake yalipoishia. Watangulizi wao, miaka mia moja kabla, waliyapima mafuvu haya ili yaseme yasiyoweza kusema, kwamba huyu ni wa tabaka hili na yule wa lile. Daktari Felix von Luschan aliyakusanya kwa maelfu. Mifupa ni ile ile. Kilichobadilika ni kwamba safari hii kuna aliyekubali kuandika "hakuonekana".

Nisije nikaeleweka kwamba nasifu mashaka. Anayekataa naye anashuhudia. Mmisionari Johannes Rebmann aliiona theluji ya Kilimanjaro tarehe 11 Mei 1848, na Wachagga walikuwa na habari zao za watu waliopanda na kurudi na kitu cheupe kinachogeuka maji mkononi. London alikuwako bwana mmoja, William Desborough Cooley, mtaalamu wa ramani za Afrika ambaye hakuwahi kuikanyaga, akaandika kwamba theluji hiyo ni ndoto ya mmisionari. Aliendelea kubisha hata baada ya Baron von der Decken kupanda mwaka 1862 na kunyeshewa na theluji yenyewe. Cooley alikuwa na vitabu vingi na akili nyingi. Alichokikosa ni kile ninachomwambia kijana wa maabara anayeandika "havikuonekana" baada ya viwanja kumi: hujaona, au hujatazama?

Mlima huu umewakalisha wengi benchi. Mwaka 1926 mchungaji wetu Richard Reusch, ambaye shimo la kileleni lina jina lake, alimkuta chui aliyeganda kwenye ukingo wa kreta, zaidi ya mita 5,000 juu. Akamkata sikio awe na kumbukumbu. (Mtume Petro naye alikata sikio, sijui watumishi wa Mungu na masikio wana nini.) Miaka kumi baadaye Hemingway akamweka chui huyo mwanzoni mwa hadithi yake, na tangu hapo kila mgeni anayekunywa bia Marangu anajua chui alifuata nini kule juu. Waongozaji wa watalii nao wanazo hadithi, na zinaongezeka kadiri bakshishi inavyoongezeka. Barafu yenyewe imepata wapelelezi. Mtafiti Lonnie Thompson alichimba mihimili sita ya barafu mwaka 2000, akasoma ndani yake ukame wa miaka elfu nyingi, na mwaka 2002 akatoa tarehe: itakwisha kati ya 2015 na 2020. Imepungua vibaya, lakini 2020 ilipita na nyingine ikabaki. Kuhusu anayeiua, joto au ukavu wa hewa uliokuwapo tangu karne ya kumi na tisa, wataalamu wenyewe wanaendelea kubishana, na ubishi huo unanipa imani nao kuliko tarehe.

Binti yangu, ambaye ni daktari wa mifugo na hana subira na falsafa, alinibana siku moja tukitoka ibadani. "Baba, mbona wewe kila Jumapili unasimama na kukiri mambo ambayo hakuna darubini iliyoyaona? Hapo viwanja 100 umevipita wapi?"

Swali lake lilikuwa la haki. Nilimjibu tukiteremka, na bado najibu. Ninaposema naamini, ninayewekwa rehani ni mimi. Nikikosea, maisha yangu ndiyo yatakayokuwa yamepotea, na nimekubali. Ni kiapo, mkono wangu na shingo yangu. Ninaposema fulani kaiba, fulani karoga, malaria ndiyo iliyomwua fulani, rehani ni mtu mwingine, na hakuniruhusu. Tomaso alitaka kugusa vidonda kabla ya kuamini, na watu wamemsema tangu siku hiyo. Lakini naona alichokuwa akikataa ni kuwatangazia wengine habari aliyoipata kwa kusimuliwa. Alipogusa akakiri, na kwa mapokeo alikwenda nao ukiri wake hadi India akafia huko. "Basi," akasema binti yangu, "hao manabii wa redioni wanaotaja jina la jirani aliyekuroga?" Nikamwambia hao wamevunja chungu na kukiita maombi.

Nadharia hii ilipata mtihani wake msimu uliopita wa kahawa. Mashine ya kumenyea kahawa ya jirani yangu, ile ya kuzungusha kwa mkono, iliibiwa usiku. Alfajiri akapiga yowe, watu wakaja, na penye kingo za mfongo, mfereji wetu wa maji, ukaonekana unyayo wa katambuga, umechorwa vizuri kabisa, mistari ya tairi na yote. Kihambani kwetu anayevaa katambuga anajulikana. Ni kijana mmoja aliyerudi kutoka Mererani mikono mitupu, na mtu aliyerudi mikono mitupu hahitaji shahidi wa pili. Saa nne asubuhi ukoo ulikuwa umekaa, na chungu kimetajwa.

Nilikwenda kuutazama unyayo kabla mbuzi hawajaukanyaga. Ulikuwa umezama, kingo zake laini, umejaa maji kidogo kisiginoni. Zamu ya maji ya upande wetu hufunguliwa alfajiri. Siku iliyotangulia mfongo ulikuwa mkavu kutwa nzima, na udongo wa pale ukikauka hata ng'ombe haachi ukwato. Mwizi alipita usiku, juu ya udongo mkavu. Mwenye katambuga alipita maji yakiwa yamekwisha kufika, yaani baada ya yowe, pamoja na sisi wengine wote. Niliwaeleza hivyo barazani, wawili wakaenda kuhakikisha, wakarudi wakitikisa kichwa.

"Sasa ni nani?" akauliza shangazi, ambaye ndiye mkubwa wetu tuliyebakiwa naye.

"Sijui, shangazi."

"Umetazama damu za watu miaka yote hiyo uje kutuambia hujui?"

"Najua kwamba unyayo huu si wa usiku. Zaidi ya hapo sijui."

Kijana mwenyewe hakunishukuru. Alisema nimechelewa, watu walikuwa wamekwisha kumtazama, na mtu akishatazamwa hivyo hatazamwi upya. Chungu hakikuvunjwa, kwa tofauti ndogo ya kura na kelele nyingi. Shangazi akasema, na hapa alikuwa sahihi, kwamba sijui yangu haimenyi kahawa, na buni iliyoiva haisubiri. Mwizi akijulikana analipa mwizi. Asipojulikana lazima alipe mtu. Tukachanga, kila nyumba kadiri yake, na baba wa yule kijana akatoa sawa na wengine bila kuombwa mara mbili. Shangazi alitangulia kutoa. Aliifungua noti yake kwenye pindo la kanga, akaiweka mezani, akanitazama na kuniambia nafasi ya pili kwenye orodha ni yangu, tena niandike kiasi kinachosomeka.